Shangazi wa Nyuzi: Gitaa la juu ya kabati, nilibadilishe?

Barua za mwezi huu zimejibiwa na fundi wetu wa Nakuru, aliyepiga besi kwenye bendi za hoteli kabla ya kufungua karakana ya magitaa. Jina la Shangazi alipewa na wasomaji, naye hajalikataa.

Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Khwisero. Nina gitaa la boksi, lile kubwa la nyuzi za chuma, nililonunua jipya Nairobi mwaka wa 2014 nilipolipwa malimbikizo ya mshahara. Mwanzoni nilikuwa nalipiga kila jioni. Siku hizi linakaa juu ya kabati la chumbani, limefungwa kwa leso, na likishuka ni kwa sababu wageni wameliulizia. Nikilishika, vidole vinaniuma kabla sijamaliza wimbo mmoja, na kordi ya F hainitoki kabisa, inakwaruza tu. Nilifundishwa na mjomba wangu mtindo wa omutibo, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikitembeza wimbo. Kwa hivyo mimi si mwanagenzi.

Juzi kijana anayepiga solo kwenye bendi ya benga Kisumu alikuja kutumbuiza kwenye matanga ya jirani, akalala kwetu. Aliliona gitaa, akalipiga kidogo, asubuhi akaniambia tubadilishane. Yeye anipe gitaa lake la umeme, lenye umbo la Stratocaster ingawa si Fender halisi, pamoja na amplifaya ndogo ya wati 10. Mimi nimpe la boksi na shilingi elfu sita juu. Anasema la umeme ni laini mkononi na nitarudia kupiga. Mke wangu anasema gitaa hilo ni samani tu, nichukue chochote kitakachomwondolea vumbi kabatini. Mimi nasita. Nikibadilisha, je, nitajuta? Na nisipobadilisha, si litaozea hapo juu?

*Mwalimu, Khwisero*

Mwalimu,

Usimpe kitu bado, wala usimkatalie. Mwambie akusubiri kidogo, halafu uchukue rula.

Umeniandikia kana kwamba mapenzi ya gitaa yamekwisha. Mimi barua yako nimeisoma mara mbili na ninachokiona ni gitaa gumu. Mtu hupiga kila jioni, kisha kidogo kidogo nyuzi zinapanda juu bila yeye kujua, vidole vinaanza kuuma, anaanza kusema amechoka na kazi, mara gitaa liko kabatini. Wengi wanaoniletea magitaa wakitaka niwatafutie wanunuzi huwa wanaleta ugonjwa huohuo. Nikishateremsha nyuzi na kuwarudishia wajaribu, wengine hawalizungumzii tena soko.

Basi pima. Kwanza likaze nyuzi mpaka liwe kwenye tuni yake ya kawaida, kwa sababu gitaa lililolegezwa hudanganya. Hesabu freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, mpaka ya 12. Simamisha rula juu ya chuma cha freti yenyewe, si juu ya ubao, usome nafasi iliyopo hadi chini ya uzi. Kwenye uzi mnene wa juu, milimita 2.5 ni nzuri. Kwenye ule mwembamba wa chini, milimita 2 au pungufu kidogo. Ukikuta milimita 4, umepata mchawi wako.

Sasa hiyo F. F iko kwenye freti ya kwanza, na kinachoiharibu mara nyingi hakiko freti ya 12. Kiko kule kichwani, kwenye kile kimfupa chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita zikielekea kwenye funguo za kukazia. Bonyeza uzi mmoja katikati ya freti ya pili na ya tatu, kisha uinamishe jicho mpaka usawa wa freti ya kwanza. Kati ya uzi na chuma hicho panatakiwa kubaki upenyo mdogo sana, kiasi cha karatasi ya daftari kupita kwa shida. Gonga uzi kwa kucha hapohapo, utasikia mlio mdogo wa *tik*. Ukiona mwanga unapita waziwazi, mifereji iko juu, na hakuna kidole cha binadamu kitakachoitoa F hiyo vizuri. Wanafunzi wangapi wameambiwa hawana kipaji kwa sababu ya mfereji ambao haukuchimbwa milimita moja zaidi! Lakini hayo ni mengine.

Kwa nini lilipanda? Umeniambia mwenyewe: juu ya kabati. Nakisia nyumba ni ya mabati, na kama dari ipo ni nyepesi. Hapo juu saa nane mchana ni tanuri, na usiku ni baridi. Mbao hunywa unyevu wa mvua za Kakamega zikavimba, zikikaushwa na joto zinasinyaa, na gundi nayo hulegea ikipata moto. Wakati wote huo nyuzi sita za chuma zinavuta. Seti ya kawaida ikiwa kwenye tuni inavuta kwa jumla uzito wa kama kilo 70, mchana na usiku, tangu 2014. Shingo inajikunja mbele kidogo, tumbo la gitaa linajaa nyuma ya daraja, ile mbao iliyogundiwa usoni ambapo nyuzi hufungiwa, na nyuzi zinapanda.

Ukiwa bado na rula mkononi, tafuta kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya daraja hilo. Karatasi ikigoma, shukuru Mungu. Ikiingia, legeza nyuzi zote siku hiyohiyo na usilipige tena mpaka fundi aligundi upya, maana daraja likibanduka lenyewe huondoka na vipande vya uso.

Kama daraja limeshika, matibabu si makubwa. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma hupita chuma kinachokazwa kwa ufunguo, na robo ya mzunguko mara nyingi inatosha kuinyoosha. Usikaze zaidi ya hapo bila mtu anayejua. Kisha kinachomolewa kile kimfupa cheupe kilichosimama darajani, kinasuguliwa kwa msasa upande wa chini. Ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale freti ya 12, kimfupa lazima kipungue milimita 2, na wewe kama mwalimu wa hisabati huhitaji nikuchoree pembetatu hiyo: freti ya 12 iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Halafu mifereji ya kichwani inachimbwa kwa tupa nyembamba, pole pole, maana ukipitiliza uzi utalia kama nyuki na kimfupa kitahitaji kubadilishwa. Mwisho vua hizo nyuzi. Nina hakika zina kutu. Vaa seti nyembamba ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011 badala ya 0.012, au hata 0.010 kama vidole bado ni vya kupiga chaki. Kwangu kazi hii yote pamoja na nyuzi mpya haifiki hata nusu ya hizo elfu sita unazoombwa uongeze.

Sasa tuje kwa kijana. Mpiga solo wa benga, mwenye gitaa la umeme linalomlisha, anataka la boksi lako kwa nini? Hakulitaka kwa ajili ya leso. Alilipiga kidogo, akalala nalo akilini, asubuhi akatoa bei. Mimi ningeshuku masikio yake yameambiwa kitu.

Washa tochi ya simu uangalie ukingo wa tundu la sauti, pale mbao ya uso ilipokatwa. Mistari ya mti inayoonekana usoni, je, inageuka na kushuka moja kwa moja kwenye unene wa mbao? Basi uso huo ni ubao mmoja. Ukiona matabaka, kwa kawaida matatu, na la katikati rangi yake au mwelekeo wake ni tofauti, hiyo ni plaiwudi. Plaiwudi si aibu, inavumilia joto na safari za matatu kuliko ubao. Ila gitaa la ubao mmoja husikika vingine, na bei yake dukani ni nyingine. Kama lako ni la ubao, biashara uliyopewa imekaa kichwa chini miguu juu. Gitaa la kuiga na kiamplifaya cha wati 10 haviwezi kulipata gitaa hilo halafu bado wewe ndiye unayeongeza. Yeye ndiye wa kuongeza.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Wewe unapiga omutibo, tena uko Khwisero, nchi ya Kisa alikotoka George Mukabi, gwiji wa omutibo. Mukabi alifariki mwaka wa 1963 na hadi leo watu wanakaa vibarazani wakitafuta kidole gumba chake. Muziki ule uliumbwa kwenye boksi, na kando mtu akigonga chupa ya soda. Kidole gumba kikishuka kwenye uzi mnene, tumbo la gitaa lazima lijibu, ndipo wimbo wa kidole cha shahada unapata pa kuegemea. Gitaa la umeme bila amplifaya linanong'ona tu. Ukilichomeka kwenye wati 10 na kispika kidogo, ule uzi mwembamba utaimba vizuri sana, lakini besi yako itatoka kama redio ya mkulima. Stima nayo ikipotea jioni, kama inavyopotea, umebaki na ubao begani.

Kwa benga ni kinyume. Solo ya benga inajaribu kufanya kazi ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na nyuzi zake nane, nota kavu zinazokimbizana juu kabisa ya shingo. Sikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz uone kama boksi lingeweza kukata vile katikati ya besi na ngoma. Kijana yuko na chombo kinachomfaa. Wewe pia.

Hajadanganya kuhusu ulaini, hapo nampa haki yake. Magitaa ya umeme huvalishwa nyuzi za 0.009 au 0.010 na hukaa chini karibu na freti, hata F hutoka kwa kidole kilicholegea. Ungekuwa unataka kuingia bendi ya kanisa, au ungekuwa umechoka na omutibo, ningekwambia mfuate Kisumu leo. Barua yako haikusema hivyo.

Kwa hiyo litengeneze, uliondoe kabatini, ulitundike sebuleni kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala usiopakana na jikoni. Mama watoto amekuambia ni samani, sawa, basi likae na samani. Mtu akipita karibu na gitaa hulishika, lakini kupanda kiti kulitoa kwenye leso baada ya kusahihisha madaftari ya darasa zima, nani ana nguvu hizo? Lipe muhula mmoja. Ukifika likizo na bado hulishiki, wakati vidole haviumi na F inatoka, hapo sasa umejua kwamba hulitaka. Uza kwa pesa taslimu, au ubadilishe bila kuongeza hata senti.

Kuna jambo moja hukulitaja ambalo lingenifanya nibadilishe mawazo: ukubwa. Haya magitaa makubwa yana kiuno kinene, mkono wa kulia unaning'inia na bega linachoka. Kama tatizo ni hilo, badilisha, lakini utafute la boksi dogo zaidi, na kama unaweza kupata la uzi mfupi ni vizuri. Mengi makubwa yana urefu wa uzi wa milimita 645 hadi 650. Mafupi yako karibu na 628. Kwa uzi uleule na tuni ileile, mvuto hufuata mraba wa urefu, fanya hesabu utapata umepungua karibu asilimia 6 ukitoka 648. Kidole kinasikia tofauti hiyo.

Na ukiamua kumpa kijana hata baada ya haya yote, basi usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Chomeka gitaa lake mbele yake. Zungusha kila kitufe taratibu, usikilize kama kuna kukwaruza. Tikisa waya pale unapoingia. Piga kila uzi kwenye kila freti, ndiyo, kila moja, mpe chai asubiri. Kelele ya umeme ikinyamaza unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Ikiongezeka unapozigusa, waya wa ardhi una shida. Muulize alilitoa wapi. Vyombo vya makanisa na shule vinaibwa sana, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu mali ya wizi, wewe ni mwalimu, hutaki OCS, mkuu wa kituo cha polisi, akuulize maswali mbele ya wazazi. Andikeni karatasi, muweke nambari za vitambulisho na namba ya gitaa kama ipo, mashahidi wawili watie sahihi.

Niandikie vipimo viwili vya freti ya 12, uniambie karatasi iliingia au haikuingia, na tochi ilionyesha nini. Nitakujibu hata kabla ya toleo lijalo.

Shangazi,

Binti yangu ameenda chuo kikuu akaacha gitaa la nyuzi za nailoni ambalo halimsaidii mtu. Nilitaka kulibadilisha na la nyuzi za chuma litumike kanisani. Mwalimu wa kwaya anasema nisihangaike, nilivalishe tu nyuzi za chuma. Ni sawa?

*Baba, Lanet*

Baba,

Tafadhali usifanye hivyo. Nyuzi za nailoni zinavuta kama kilo 40 kwa jumla, za chuma kama 70. Gitaa la nailoni halikujengwa kwa mzigo huo. Uso wake ni mwembamba, na mengi hayana kile chuma ndani ya shingo. Litaimba Jumapili mbili tatu vizuri, mwalimu wa kwaya atakupongeza, kisha daraja litaruka. Nimeyaona mengi mno.

Kulibadilisha ni wazo jema, ila mpigie binti kwanza. Ni lake. Akikubali, tafuta mzazi mwenye mtoto anayeanza, kwa sababu nailoni haiumizi vidole vidogo na shingo yake pana inampa mtoto nafasi. Watu hao hawakosekani hapa Nakuru. Na mpaka umpate, liweke ndani ya begi. Januari na Februari upepo wa huku unakausha mbao mpaka nyufa zinatokea usoni. Sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri na kuwekwa ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, inatosha humo begini. Iloweshe tena ikikauka, na usiiache iguse mbao.

Shangazi,

Nina gitaa la solo ambalo silipigi sana kwa sababu bendi yetu ina wapiga solo watatu. Jamaa ananipa besi yake tubadilishane bila mtu kuongeza. Nikubali?

*Kijana, Kondele*

Kijana,

Kubali. Umeuliza mpiga besi, ulitarajia nijibu nini? Lakini hata ningekuwa mpiga ngoma ningesema hivyo. Wapiga solo watatu kwenye bendi moja, na kila kanisa kutoka Kondele hadi Nyalenda linatafuta mtu wa besi.

Ishike kwanza kabla ya kupeana mikono. Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa milimita 864, na freti za kwanza ziko mbali mbali. Kama mkono wako ni mdogo, omba fupi ya 762. Muulize pia kama kuna amplifaya ya besi. Ile unayotumia kwa solo usiichomeke besi ukaifungua sauti yote, utapasua spika na jamaa atakuwa ameshaondoka na gitaa lako.